Masaa Matatu Niliyomficha Bi Saa Ngapi

Jina lake la kweli limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni pake, lakini mtaani kwetu hakuna anayelitumia. Tunamwita Bi Saa Ngapi. Ni tabibu wa kituo chetu cha afya, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, anavaa saa ya kiume mkono wa kulia, na uso wa ile saa ameugeuzia ndani, upande wa mshipa. Ukiingia chumbani kwake, kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti, anauliza, "Ilianza saa ngapi?" Umeanguka, saa ngapi. Unaharisha, saa ngapi. Fundi viatu wetu alikwenda na jino, akaulizwa, akajibu kwamba limeanza mwaka juzi. Tabibu akamuuliza, mwaka juzi asubuhi au jioni. Fundi viatu aliisimulia habari hiyo mwezi mzima, na kila akiisimulia mimi nilicheka kuliko wote.

Nilikuwa na sababu zangu za kumcheka. Kazi yangu ilikuwa ushonaji, miaka thelathini na nane kwenye cherehani moja, lakini mikono yangu ilijulikana kwa jambo lingine. Mtoto akishikwa na tumbo aliletwa kwangu nimchue. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake. Na shule nilisoma, darasa la saba nilimaliza, nikawa wa pili kati ya wasichana, kwa hiyo si kwamba nilikuwa mjinga wa kuchua tu. Bi Saa Ngapi alipohamia kwetu, miaka kumi na moja iliyopita, alikuja mwenyewe nyumbani. Akanipa shikamoo yake kamili, akanywa chai yangu, kisha akaniomba watoto wanaoumwa niwe nawapeleka kwake kwanza, ndipo niwachue nikitaka. Nikamwambia, sawa mwanangu. Alipovuka kizingiti nikasonya.

Kuna jambo lingine inabidi nilieleze, maana bila hilo mtu hatanielewa. Tabibu aliyekuwepo kabla yake alikuwa mzee mkali. Ukimfikishia mgonjwa, ukasema ameanza jana, alikufokea mbele ya foleni nzima: mlikuwa wapi, mlikuwa mnamtazama afe? Basi sote tulijifunza kupunguza. Cha jana tunasema cha leo asubuhi. Cha asubuhi tunasema ni sasa hivi, tumekuja mbio. Mama alimfundisha binti, binti akamfundisha mwanawe. Yule mzee alistaafu, akaenda zake, lakini kupunguza hakukwenda naye. Tukampunguzia na huyu mwanamke, ambaye tangu afike hajawahi kumfokea mtu.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Anaishi nami kwa ajili ya shule, maana baba yake, mwanangu wa mwisho, ni fundi wa matrekta na kazi yake iko mbali. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kama ngazi, sauti imeanza kukwaruza. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake. Zamani alikuwa anaitika, tena kwa madaha, ananiuliza mke wangu umepika nini. Mwaka huu akaanza kuona haya. Akawa anaoga na komeo limefungwa. Nikamtania, nikamwambia unanificha nini na mimi ndiye niliyekuogesha. Hakucheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa kumi na moja alfajiri mimi huwa macho, nachemsha maji, nikasikia kitanda chake kinaburutwa. Nilimkuta amekaa sakafuni, magoti yamegusa kidevu, jasho limelowesha fulana. Nikamuuliza ana nini.

"Tumbo, Bibi."

Nikamuuliza tumbo upande gani. Akaonyesha chini kabisa ya kitovu, mkono ukaondoka pale upesi kama umegusa sufuria ya moto.

Nikamlaza. Nikapaka mafuta, nikaanza. Mtoto alikuwa anashtuka kabla mkono haujafika. Mtu anayejua kuchua angejiuliza kwa nini. Mimi nilimwambia alegee. Akatapika, nikasema vizuri, uchafu umetoka. Nikalowesha kitambaa maji ya moto, nikamkanda. Saa moja nikampa chai ya tangawizi, akanywa nusu kikombe, akaendelea kujikunja. Siku hiyo darasani walikuwa na jaribio la hesabu, nami nikamwambia, kama ni hesabu unazikimbia, sema nikuandikie barua. Akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika, sauti haitoki. Mjukuu wangu si mtoto wa kulia. Alipovunjika kidole mwaka wa nyuma alikuwa anawahesabia wenzake vipande vya mfupa.

Hapo hofu ikaniingia. Ilikuwa saa mbili. Nikamvalisha suruali ya shule, tukatoka. Alitembea miguu ameitanua, polepole, kama mtu anayeruka kidimbwi kisichoisha, na kila hatua kumi anasimama kushika ukuta wa mtu.

Kituoni foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa nje. Karani akadai kadi, kadi nikawa nimeisahau, tukaanza kubishana. Bi Saa Ngapi alikuwa anapita na trei ya sindano. Akamwona mtoto akitoka kwenye benchi kwenda dirishani kutapika. Akasimama. Akamwambia karani aache habari za kadi, akamshika mtoto kiwiko. Mama mmoja mwenye kichanga akanung'unika kwamba na wao wapo hapo tangu asubuhi. Tabibu akamjibu bila kugeuka kwamba anajua, na kwamba huo si mwendo wa tumbo.

Ndani, kabla sijakaa, likaja lile swali lake.

Mdomo wangu ulijibu kabla ya akili. "Saa mbili, Tabibu. Imeanza tu, tukaja mbio."

Mtoto akaniangalia. Tumemlea vizuri, hampingi mtu mzima mbele ya watu.

Tabibu akaandika. Akamwita mhudumu wa kiume, yule anayechemsha vyombo na kupiga deki, aje asimame kichwani pa mtoto. Mimi akaniomba nikae nyuma ya pazia. Nikamwambia ni mjukuu wangu huyu, na amesema tumbo.

"Mtoto wa kiume akisema tumbo, Mama, mimi naanza na suruali."

Pazia lilikuwa jepesi, nilisikia yote. Alimsemesha taratibu, akamwambia kwamba ameona wengi, kwamba hakuna la aibu, kwamba akiona haya sana amtazame mhudumu, si yeye. Kisha sauti ya mjukuu wangu, ile inayokwaruza: "Ni huku." Tabibu akamwambia atamgusa paja kwa nyuma ya kalamu, hapa, na hapa. Akamwambia mhudumu aangalie. Upande wa kulia ukiguswa paja, korodani inapanda. Wa kushoto haichezi. Na imekaa juu, imelala kingamo. Mtoto akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

Alipotoka pale ndani alinivuta pembeni ya kabati la dawa. Akasema si tumbo. Korodani ya kushoto imejisokota kwenye mshipa wake, damu haiingii wala haitoki. Nikamuuliza kuhusu vidonge. Akasema hakuna kidonge cha hili, ni kupasuliwa, na ni leo.

"Ndani ya masaa sita, nyingi zinapona," akasema. "Yakipita hayo, kila saa inapunguza. Ikifika kesho, tunakata. Imeanza saa mbili, kwa hiyo mpaka saa nane tuna nafasi nzuri. Gari la wagonjwa linaondoka saa nne na mama mjamzito, presha yake naishusha kwanza. Mtakwenda pamoja. Daktari wa upasuaji nampigia sasa hivi."

Akaenda kwenye simu. Mimi nikarudi kwenye benchi, kati ya yule mama wa kichanga na mzee mwenye kikohozi. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tatu na dakika tano.

Nilihesabu kwa vidole chini ya kanga. Kumi na moja. Kumi na mbili. Moja. Mbili. Tatu. Tayari masaa manne. Gari saa nne. Mpaka hospitali kubwa ni saa nzima. Saa tano. Masaa sita yamekwisha pale pale getini, kabla mtu hajashika hata kisu.

Nasema kweli, nilikaa. Yule mama wa kichanga alinijua, watoto wake wawili wakubwa nimewachua mimi. Mzee wa kikohozi alinijua. Karani alinijua. Nikawaza wote watasikia kwamba mkono wangu ndio umekaa juu ya tumbo la mtoto masaa matatu, wakati ugonjwa uko kwingine. Nikawaza mwanangu, nitamwambiaje. Nikawaza labda Tabibu amekosea hesabu, labda ni saba, labda ni nane. Nilijua hakukosea. Dakika nane zilipita kwenye saa ile, niliziona moja moja, na mjukuu wangu alikuwa anatapika ndani kwenye beseni ambalo halikuwa na kitu cha kupokea.

Nikasimama. Nikasukuma mlango bila kubisha.

"Tabibu, si saa mbili."

Akaweka simu kifuani. "Saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ya jana jioni au ya leo alfajiri?"

"Ya leo alfajiri. Nilikuwa namchua."

"Amekula kitu?"

"Chai. Nusu kikombe, saa moja. Nikampa mimi."

Aligeuza mkono, akaitazama saa yake. Hakunifokea. Heri angenifokea. Yule mzee mkali wa zamani angenitukana, nami ningenuna, na maisha yangeendelea. Huyu alinitazama mara moja tu, kama mtu anayesoma namba, akairudisha simu sikioni, akasema, "Daktari, badilisha hesabu. Ni masaa manne na robo."

Nje ya geti gari la mikate lilikuwa linashusha kreti kwenye kibanda. Tabibu alimtuma karani akamzuie dereva. Huku ndani alimpiga mtoto sindano ya maumivu, akaweka simu mezani isikike, na yule daktari wa upasuaji akawa anamwelekeza. Alimwambia ajaribu kuigeuza kuelekea nje, upande wa paja, kama mtu anavyofungua kitabu. Kama mtoto akizidi kuumia na ikazidi kupanda, aache. Safari hii sikuwekwa nyuma ya pazia. Mhudumu alimshika mabega, mimi nikamshika mkono, uso nimeuelekeza darini. Alinibana vidole mpaka pete ikaniingia nyamani. Akalia. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, ya kwanza tangu alfajiri, na mkono wake ukalegea kidogo.

"Imeshuka," Tabibu akaiambia simu. "Si yote."

Sauti ikajibu kwamba nafuu isituhadae, tuje vile vile, tena upesi.

Yeye hakuweza kwenda, yule mjamzito alikuwa bado hatarini. Alitupa mhudumu na barua. Kwenye barua, kwa herufi kubwa, aliandika saa ya kuanza, na chini yake akaandika wasisubiri picha ya mashine. Akanikabidhi mimi, si mhudumu. Akaniambia kule watauliza tena saa ngapi.

"Nitasema," nikamjibu.

Tulikaa nyuma ya gari, kati ya kreti tupu, mtoto amelaza kichwa mapajani mwangu. Dereva alikwenda mbio, akaomba radhi kila shimo. Mhudumu, ambaye kwa miaka yote nilimsikia akisema habari za sabuni tu, ndiye aliyenieleza. Alifanya kazi na Bi Saa Ngapi kituo kingine, tangu Tabibu akiwa mgeni katika kazi. Alikuja kijana wa miaka kumi na mitano, anasema tumbo. Foleni ilikuwa ndefu. Tabibu hakumvua suruali, hakuuliza lilianza lini, alimpa dawa za minyoo. Kijana alirudi siku ya tatu. Ilikatwa.

"Yuko hai," mhudumu akasema. "Ana mke na watoto wawili, moja inatosha kuzaa. Mwenyewe ameshasahau. Aliyekataa kusahau ni Tabibu. Siku ile ndiyo alinunua saa."

Niliona nimecheka miaka kumi na moja, na nilikuwa sijui nacheka nini.

Saa nne na nusu tukaingia. Mapokezi tulimkuta daktari kijana, ndevu ndio zinaota, mstaarabu. Akasema kwa utaratibu mtoto aende kwanza chumba cha picha, ila mwenye mashine hajafika. Nikamnyooshea barua. Akaisoma, akaniuliza, kwa uhakika Bibi, ni saa kumi na moja? Palikuwa na watu kama thelathini pale. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba ni saa kumi na moja alfajiri, na aliyemchelewesha ni mimi. Akaikunja barua, akasukuma kitanda mwenyewe.

Ilibidi nitie sahihi. Daktari wa upasuaji, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alinieleza kwamba wataifungua, na wakiikuta imekufa wataitoa. Akataka nielewe hilo kabla sijaandika. Mwanangu alikuwa kwenye simu, injini inanguruma nyuma yake. Akaniuliza, "Mama, wanamkata nini?" Nikamwambia. Nikamwambia na masaa. Kule injini ikazimwa. Nikaandika jina langu, mwandiko wa kuunganisha kama tulivyofundishwa, herufi ya mwisho ikanitoroka ikashuka chini ya mstari.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifungwa saa tano kamili.

Sijui watu wanakaaje kwenye milango ile. Mimi sikukaa. Nilisimama, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo. Niliwaza atakapokuwa kijana, atakapotaka kuoa, atakapomweleza mkewe kwa nini. Niliwaza atasema bibi yangu alikuwa mchuaji. Nilimfikiria akiwa mdogo kwenye beseni la kuogea, nikafukuza wazo, likarudi. Mhudumu alininunulia maji, nikayashika tu.

Daktari alitoka saa sita na dakika ishirini, barakoa imening'inia shingoni. Alinikalisha kwanza, na nilipoona ananikalisha nikajua imetolewa. Lakini akasema hapana. Akasema waliikuta imebaki nusu mzunguko, mzunguko mmoja mzima tabibu wetu alikuwa ameshaufungua. Hata hivyo ilikuwa nyeusi, nyeusi ya zambarau lililoiva. Waliifungua yote, wakaizungushia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wakasubiri, wote wamesimama mikono juu wanaitazama. Dakika kumi. Ikaanza kurudi rangi. Si yote. Wakaamua kuiacha. Wameishikiza kwa uzi isizunguke tena, na mwenzake pia, maana mwenye moja ya hivyo, ya pili nayo huwa imelegea.

Nikamuuliza kama itaishi.

"Leo inaishi," akasema. "Nyingine huwa zinasinyaa baadaye. Tutaipima baada ya miezi mitatu, tena baada ya sita. Siwezi kukuahidi, Bibi."

Jioni mtoto alipozinduka vizuri alikuwa na midomo mikavu na hasira. Nililowesha pamba, nikampaka. Akaniambia, akiangalia juu, "Bibi, ulisema saa mbili."

Nikasema ndiyo.

"Nilitaka kusema."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye ulikuwa unasema."

Nilimwomba radhi. Nina miaka sabini na mmoja, nimelea watoto sita na wajukuu sikumbuki wangapi, na sijawahi kumwomba radhi mtoto. Alinyoosha mkono, akataka pamba tena.

Mafuta ya kuchulia nimempa jirani, apake milango yake. Miezi mitatu ilipotimia tulipima. Ya kushoto imepungua kidogo kuliko ya kulia. Daktari akasema inaweza kuishia hapo, inaweza isiishie. Tuliporudi nilikwenda kwa Bi Saa Ngapi kumweleza. Nikamweleza na habari ya kumcheka, na ya kusonya siku ile. Akasema kusonya kule alikusikia, maana alikuwa hatua mbili tu nje ya kizingiti. Akaniandikia tarehe ya kipimo cha pili nyuma ya kadi, akanirudishia. Akasema tukiona maumivu yoyote kabla ya hapo tusingoje tarehe.

Tarehe yenyewe ni Alhamisi ijayo. Mwanangu amepata ruhusa, atakuja. Mtoto ameniambia kwamba ataingia kupimwa na baba yake, mimi nibaki kwenye benchi. Nimekubali. Tangu Jumapili silali vizuri, nikisikia kitanda chake kinalia nakwenda mlangoni, nasimama pale mpaka niseme jina lake na yeye aitike.